Kosa na Tuhuma

Hakuna hukumu nyepesi kutolewa kama hukumu ya mtu juu ya jambo asilolielewa. Chombo kikikataa kazi, aghalabu lawama huangukia kilicho dhaifu mbele ya macho, si kilicho na hatia. Mkulima mgeni hulaumu mbegu, seremala mwanagenzi hulaumu mti, na mwanafunzi aliyezoea kuambiwa kwamba lugha yake haitoshi hulaumu lugha yake. Tuhuma hii ya mwisho ni nzito kuliko nyingine, kwa sababu mshitakiwa hana kinywa cha kujitetea isipokuwa kinywa kile kile cha mshitaki.

Babati ni mji wa njia panda. Barabara itokayo Arusha hufika hapo ikagawanyika, moja ikaelekea Singida kwa kupitia Katesh na nyingine Dodoma kwa kupitia Kondoa. Tangu mwaka 2002 mji huo umekuwa makao makuu ya Mkoa wa Manyara. Mlima umesimama juu yake, na kando yake limelala Ziwa Babati lenye viboko. Wagorowa, Wairaqw, Warangi, Wambugwe na Wabarbaig hukutana sokoni, na Kiswahili ndicho kinachowapatanisha bei. Katika mji huo binti mmoja wa shule ya sekondari alianza kuandika mchezo wa kompyuta. Mchezo wenyewe ulikuwa mdogo: ng'ombe anashuka ziwani kunywa maji, na mchezaji amwongoze asikutane na kiboko, simba wala nyati, twiga na swala wamesimama kando kama mapambo. Kwa kazi hiyo alichagua lugha ya Python, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991, pamoja na Pygame, mkusanyiko wa zana za michezo ulioanza mwaka 2000, kwa kuwa vyote viwili hupatikana bila ya malipo. Wanyama aliwachora kwa mkono wake, akawahifadhi katika folda aliyoiita picha, na kila mmoja akampa jina lake la Kiswahili. Mchezo aliukusudia wadogo zake wawili, nao walikuwa hawajajua Kiingereza.

Matata yalianza kwa ng'ombe. Programu ilikataa hata kuanza. Sababu yake ni kwamba lugha ya Python huzingira maneno kwa alama za mtajo, moja moja au mbili mbili, na binti alikuwa ametumia moja moja. Ritifaa iliyo ndani ya ng'ombe ina umbo lile lile. Kwa hiyo kompyuta ilidhani jina limekwisha hapo, na sehemu iliyobaki ikawa kama mtu aliyefungiwa mlango nje ya nyumba. Binti akaiondoa ritifaa. Ilikuwa sadaka yenye thamani, maana ng'ombe asiye na ritifaa hutamkwa kwa sauti ya ngoma, si kwa sauti yake. Programu ikaanza, lakini ng'ombe hakuonekana. Ujumbe wa kosa ulisema kwamba faili yenye jina hilo haikupatikana, ingawa faili ilikuwa ndani ya folda, wazi kama jua la saa sita.

Akawajaribu wanyama mmoja mmoja. Simba alifunguka. Kiboko alifunguka. Swala alifunguka. Twiga, nyati na ng'ombe walikataa. Picha zote sita zilichorwa kwa programu moja, zikahifadhiwa siku moja, mahali pamoja. Alipoichukua picha ya nyati akaipa jina la kiboko kwa muda, ilifunguka bila ya shida. Kwa hiyo picha haikuwa mbovu. Ubaya ulikuwa katika jina. Hapo ndipo alipokwenda kuuliza kwa fundi mmoja wa kompyuta mjini.

"Shikamoo, kaka," alisema. "Picha zangu tatu hazifunguki, na mahali zilipo nimepaandika sawasawa."

Fundi alipoyatazama majina alicheka kwa upole. "Marahaba, mdogo wangu. Kompyuta haijui Kiswahili. Yaandike kwa Kizungu, utaona."

Fundi hakusema kwa ubaya. Alisema kama wengi wasemavyo, na ushauri wake ulipojaribiwa ukaonekana kuwa kweli. Ng'ombe alipoitwa cow, alifunguka. Twiga alipoitwa giraffe, alifunguka. Mashahidi wawili wamesimama upande mmoja, na mahakama nyingi hazingetaka wa tatu. Usiku ule binti alikaribia kuyafuta majina yote na kuyaandika upya kwa lugha ya kigeni, pamoja na maneno ambayo wadogo zake wangeyaona katika kioo. Kama angefanya hivyo, mchezo ungekwenda, naye angebaki na imani ambayo ingemfuata maisha yake yote: kwamba lugha ya mama yake na ya soko lao hukataliwa mlangoni na mashine.

Kilichomwokoa ni nyati. Alimwita buffalo, na buffalo akakataa kama nyati alivyokataa.

Kukataa huko kulikuwa na thamani kuliko kukubali kwa wale wawili. Ushahidi unaounga mkono dhana waweza kuwa elfu na usithibitishe kitu. Mmoja unaoipinga hutosha kuivunja. Kama kompyuta ilikichukia Kiswahili, kwa nini ilimpokea kiboko? Kama ilikipenda Kiingereza, kwa nini ilimfukuza buffalo? Mfugaji wa nyanda za Manyara alijua utafiti wa namna hii kabla ya kompyuta kuzaliwa. Ng'ombe wake baadhi wakiugua, haulizi tu wagonjwa wamekula nini; huuliza pia wazima wamelisha wapi. Jibu limo katika tofauti ya makundi mawili, wala halimo katika kundi moja peke yake.

Binti alifanya jambo moja ambalo lingefaa kufanywa tangu mwanzo. Badala ya kuiamuru kompyuta ifungue faili, aliiamuru iandike katika kioo jina la njia aliloambiwa. Alikuwa ameandika picha\nyati.png. Kompyuta ikaandika picha katika mstari wa kwanza, na yati.png katika mstari wa pili. Kwa twiga iliandika picha, ikaacha nafasi pana, kisha wiga.png. Kwa buffalo iliandika neno lisilo la lugha yoyote: pichuffalo.png. Kompyuta ilikuwa imesema kweli muda wote. Faili yenye jina kama hilo haikuwapo Babati wala mahali pengine.

Mkosaji alikuwa mkwaju ulioinamia nyuma, uliotenga jina la folda na jina la mnyama, na asili ya kosa lake ni kazi mbili alizopewa mtumishi mmoja. Mfumo wa Unix, ulioanza mwaka 1969, hutenga folda na faili kwa mkwaju wa kawaida, yaani /. MS-DOS ilipopata folda katika toleo lake la 2.0, mwaka 1983, mkwaju huo ulikuwa umekwisha kushikwa na kazi ya kutenga amri na masharti yake. Basi ukachukuliwa ule ulioinamia nyuma, na Windows ikaurithi. Lakini katika lugha ya C, ya miaka ya mapema ya 1970, huo ulioinamia nyuma ulikuwa tayari na kazi nyingine. Ukifuatwa na n huamuru mstari mpya. Ukifuatwa na t huruka nafasi. Ukifuatwa na b hurudi nyuma hatua moja. Python ikaifuata desturi hiyo. Herufi k na s hazikupewa kazi yoyote, ndiyo sababu kiboko, simba na swala walipita salama. Wala c na g hazikupewa, ndiyo sababu cow na giraffe walipita. Hawakupita kwa kuwa ni Waingereza.

Hata hivyo, maneno ya fundi yalikuwa na chembe ya ukweli, na haki yadai itajwe. Majina mengi ya Kiswahili huanza na n, kwa kuwa ngeli ya N imekusanya wanyama wengi: nyani, nyoka, nguruwe, ndovu, nyumbu. Tena kuna twiga, tembo na tumbili wenye t, na fisi na farasi wenye f, ambayo nayo ina kazi. Kwa hiyo mwenye kuandika kwa Kiswahili aweza kulikuta shimo hili mapema. Lakini shimo halikuchimbwa kwa ajili yake. Mwingereza anayeandika rhino, vulture au fox hutumbukia vile vile, maana r, v na f zote zina amri zao. Tofauti ni kwamba Mwingereza akitumbukia hulilaumu shimo, na Mswahili akitumbukia hushawishika kuilaumu miguu yake.

Wala haikuwa kweli kwamba kompyuta haijui Kiswahili. Kompyuta haijui lugha yoyote. Yajua hesabu tu, na herufi kwake ni namba. Watu ndio huipa lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizosemeshwa Kiswahili, na mashine hazikulalamika.

Dawa ilikuwa fupi kuliko maradhi. Mkwaju ulioinamia nyuma ukaondolewa, ukawekwa wa kawaida, ambao Python huukubali hata ndani ya Windows: picha/nyati.png. Alama za mtajo moja moja zikabadilishwa kuwa mbili mbili, na ng'ombe akarudishiwa ritifaa yake. Wanyama sita walisimama ziwani kwa majina yao.

Furaha hiyo haikudumu juma moja. Mchezo ulipohamishiwa kompyuta nyingine iliyotumia Linux, kiboko alipotea peke yake. Safari hii binti hakwenda kwa mtu, wala hakuituhumu lugha. Alilinganisha jina lililo katika programu na jina lililo katika folda, herufi kwa herufi. Folda ilikuwa na Kiboko.png, programu iliita kiboko.png. Windows kwa kawaida haijali ukubwa wa herufi, lakini Linux huujali, kwa maana katika hesabu ya herufi iitwayo ASCII, K ni 75 na k ni 107. Mwanadamu husamehe mengi katika majina. Mlima ulio juu ya Babati huandikwa Kwaraa, na pengine Kwaraha, na hakuna mpandaji aliyepotea kwa ajili hiyo. Kiswahili chenyewe kiliandikwa karne nyingi kwa hati za Kiarabu, zisizo na herufi kubwa wala ndogo, kabla ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusimamia tahajia moja ya hati za Kirumi katika Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Mashine haina msamaha huo, wala haina kinyongo. Binti aliandika majina yote kwa herufi ndogo, na jambo likaisha.

Yapo makosa mengine ya ukoo huu, na mwanafunzi hufaidika akiyajua kabla hayajamfikia. Programu iliyoambiwa "picha/simba.png" huanza kutafuta kutoka mahali ilipoitwa, si lazima mahali inapokaa, ni kama mgeni aliyeambiwa ashike barabara ya kushoto katika njia panda ya Babati bila ya kuulizwa atokea Arusha au Singida. Yafaa iamriwe kwanza kujua makao yake, kisha ianzie hapo. Windows kwa kawaida huficha mwisho wa jina la faili, hata mtu akaandika .png juu ya jina lililokwisha kuwa nayo, ikawa mbili. Tena kubadili mwisho wa jina hakubadili kilichomo: faili ya PNG huanza kwa namba 137, 80, 78 na 71, na ya JPEG kwa 255 na 216, hata zivalishwe jina gani. Kosa baya kuliko yote ni la mwandishi anayeiagiza programu inyamaze inapokosa kitu. Huyo hakuondoa kosa; ameondoa mjumbe.

Mambo haya yaonekana madogo, na kwa hakika ni madogo: mkwaju, ritifaa, herufi moja kubwa. Lakini mtu hujifunza thamani yake katika mambo madogo kama hayo. Katika shule nyingi ujumbe wa kosa husomwa na kijana kwa lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na ya soko, naye yu peke yake usiku mbele ya kioo. Kisomwe alichokisema kioo, si kilichodhaniwa. Mashine ikikataa, na iulizwe imesikia nini. Watatu wakikataa na watatu wakikubali, wote sita waitwe ushahidini. Na kabla lugha ya watu haijatiwa kizimbani, itazamwe kwanza alama iliyosimama mbele ya neno.