Kikombe cha Tatu

Zilikuwa zimebaki siku tatu tu tuondoke Khumjung, kijiji cha Washerpa huko Nepali, yapata mita 3,790 juu ya usawa wa bahari. Mimi na mume wangu tulikuwa tumekaa miezi minne kwa mama mmoja tuliyemwita Didi, yaani dada mkubwa kwa Kinepali. Ilikuwa Aprili, wakati wa kupanda viazi. Ni wakati huo pia wanaume wengi wa huko huenda mlima Everest kuwabebea wageni mizigo na kuwaongoza njia.

Mume wa Didi alikuwa ameshakwenda. Njia yao hupita kwenye maporomoko ya barafu ya Khumbu, ambako tarehe 18 Aprili 2014 Wanepali 16 walifariki kwa siku moja, wengi wao Washerpa. Didi hakulizungumzia jambo hilo. Alipanda viazi, akachochea moto wa samadi ya yaki iliyokaushwa, akatupikia chapati za viazi. Lakini tuliona jinsi alivyokuwa akisimama mlangoni akitazama juu.

Sisi tulikuwa na shida yetu: tumlipe nini mtu aliyetutunza hivi? Siku ya kwanza tulipofika tulikataa kikombe cha tatu cha chai yake ya chumvi na siagi, tukidhani tunamwonea huruma. Kumbe kwao mgeni hubembelezwa tena na tena, na kukataa kabisa kulimsononesha. Sasa tukarudia kosa lile lile. Tuliacha bahasha ya fedha chini ya kikombe. Akaiona, akaturudishia bila neno, na jioni ile hakuzungumza sana. Tulilala kwa aibu.

Usiku wa mwisho tuliketi karibu na jiko. Didi ni Mbudha, kwa hiyo miezi yote ile tuliombea chakula kimoyomoyo tusije tukamkwaza. Usiku ule aliweka kijiko chini, akatungoja. Kisha akasema, "Ombeni kwa sauti. Mtajeni baba wa watoto."

Washerpa wengi hupewa jina la siku waliyozaliwa, kama vile kwetu walivyo akina Juma na Khamisi. Tulimtaja mumewe kwa jina hilo la siku, tukamwomba Mungu amrudishe nyumbani. Didi alilia, nasi tukalia. Miezi minne tulikuwa tukitafuta zawadi ya kumpa, naye alichotaka ni wenzake wa kubeba naye hofu yake.

Asubuhi alifukiza majani ya mreteni kwa desturi yake. Hatukujifanya kwamba imani zetu ni moja, wala yeye hakujifanya. Alituvika shingoni khata, kitambaa cheupe cha heshima na baraka njema, akatumiminia chai. Tulikunywa vikombe vitatu. Kisha tukashuka kwa miguu siku mbili hadi uwanja wa ndege wa Lukla.

Mwishoni mwa Mei simu iliita. Mumewe alikuwa amerudi salama, na viazi vilikuwa vimechipua. Tulimshukuru Mungu, tukiwakumbuka pia wajane wa 2014, ambao nao bila shaka walisimama milangoni wakitazama juu.

Akina mama wenzangu, Waebrania 13:2 tumezoea kuisoma tukiwa wenyeji. Sisi tuliisoma tukiwa wageni, tukaona kwamba kupokea kwa unyenyekevu nako ni kazi. Je, jirani yako ambaye si wa kanisa lako anabeba hofu gani leo? Usikimbilie bahasha. Keti naye, unywe chai yake, umwulize jina la yule anayemngoja.