Kiti Nilichomnunulia Baba

Mwaka juzi nilipopandishwa cheo kidogo kazini, jambo la kwanza nililotenda kwa nyongeza ile ya mshahara lilikuwa kumstarehesha baba. Yeye amekwisha kupita miaka sabini, na shamba letu huko Murang'a liko mteremkoni, mahali ambapo hata kijana huhema apandapo. Nikaajiri mtu wa kulima, nikanunua kiti kizuri chenye mito, kikawekwa barazani. Majirani wakanisifu kuwa mwana mwema, nami nikarudi Nairobi kwenye meza yangu kwa moyo mkunjufu.

Kabla ya hapo, baba alikuwa akiamka kungali giza, akiwakatia ng'ombe majani na kuyapandisha kilimani mwenyewe. Jua likipanda alikuwa katika mikahawa akipogoa, na alasiri huenda sokoni kwa miguu, hata kama hana haja ya kununua kitu, ila kusikia habari tu.

Baada ya miezi mitano nikamkuta hawezi kuinuka pasipo kushika ukuta. Mara mbili alikuwa ameanguka uani, wala hakunipasha habari. Mama ndiye aliyenieleza. (Mama hakununuliwa kiti na mtu. Yeye aliendelea na kuni zake na mboga zake, na mwendo wake ulikuwa wa msichana. Hili nalisema kwa haya.)

Daktari alimpima, asione ugonjwa. Akaniuliza, "Mzee hufanya kazi gani?" Nikajibu kwa fahari, "Hafanyi kazi yo yote." Akatikisa kichwa. Misuli isiyotumiwa, alisema, hunywea upesi, na kwa mzee hairudi ila kwa taabu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lashauri hata wenye miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kila juma, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kujizuia wasianguke, siku tatu au zaidi. Baba alikuwa akizimaliza dakika hizo kabla ya Jumatano.

Tena nikakumbuka habari niliyowahi kuisoma, ya Daktari Jerry Morris wa Uingereza. Mwaka 1953 alitangaza kwamba madereva wa mabasi ya London, waliokaa kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi za mabasi yale ya ghorofa. Sisi makarani tu upande gani, wasomaji wenzangu?

Baba aliponisikia nikimwomba radhi alicheka. "Mwanangu, ulinistaafisha bila kuniuliza."

Mtu yule wa kulima bado yupo, lakini kazi yake ni palipo na mteremko mkali na mizigo mizito, kwani mgongo wa mzee si wa kubebeshwa gunia. Majani amerudishiwa baba. Ilichukua miezi mingi hata akaacha kushika ukuta. Jumamosi nikifika nyumbani tunafuatana sokoni, naye husimama njiani akijifanya anatazama mahindi ya watu, kumbe ananingoja mimi nipate pumzi.

Kiti kile sasa nakikalia mimi.