Dawa za Msituni Katika Soko la Owino

Katika soko la Mtakatifu Balikuddembe mjini Kampala, ambalo wengi wetu hatujaacha kuliita Owino, harufu ya dawa za miti shamba husikika kabla dawa zenyewe hazijaonekana. Magome, matita ya mizizi na majani makavu yamepangwa juu ya magunia. Pembeni pana mumbwa, yaani vijiti vya udongo uliokandwa pamoja na mitishamba ukakaushwa. Husuguliwa juu ya jiwe kwa maji, na wajawazito wa Buganda wameunywa tangu enzi za mababu.

Mama mkwe ndiye aliyenituma, kwa kuwa mke wangu alikuwa mjamzito wa miezi mitano. Nilimwuliza muuzaji, "Mama, humu mmetiwa miti gani?"

Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, mimi naletewa tu. Aliyeukanda ndiye ajuaye."

Jibu hilo lilikuwa bado moyoni mwangu siku chache baadaye, nilipotumwa kikazi Kisoro, safari ya zaidi ya kilomita 400. Huko, chini ya milima ya volkano, nilizungumza na mzee mmoja wa Kitwa. Batwa waliishi misituni kwa kuwinda, kurina asali na kujitibu kwa miti, hata mwaka 1991 Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi za taifa, nao wakatolewa. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba walinyimwa haki yao kwa kuachwa bila ardhi.

Nilimwuliza mzee dawa ya tumbo. Hakuwa na gunia wala kopo. Alinyoosha mkono kuelekea msituni, akasema, "Ipo kule." Kisha akanieleza kuwa gome huchunwa upande mmoja ili mti usife, kwamba kipimo cha mtoto si cha mtu mzima, na kwamba mganga hukaa na mgonjwa mpaka aone dawa imefanya nini. Wajukuu wake hawaijui miti hiyo. Baadhi ya Batwa huingia Mgahinga siku hizi kuwaongoza watalii, wakiwaonyesha majani waliyotibiwa nayo utotoni.

Hapo nikatambua kwamba Owino dawa ipo na mjuzi hayupo. Kisoro mjuzi yupo na dawa hana.

Niliporudi, tuliupeleka mumbwa kwa mkunga. Hakutucheka. Alisema tusiutumie, kwa sababu hakuna kati yetu aliyejua kilichomo. Mama mkwe alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ni kweli. Mama yangu alikuwa akiukanda mwenyewe."

Ndugu msomaji, tiba za jadi zina sheria yake nchini tangu mwaka 2019, na huko Wandegeya Wizara ya Afya ina taasisi inayochunguza mitishamba. Tusizidharau. Lakini kabla ya kumnywesha mjamzito au mtoto, uliza ni mti gani, umechumwa na nani, na kipimo chake ni kipi. Muuzaji asipojua, mpeleke mgonjwa zahanati.