Meza ya Mchangani: Kula Pweza Unguja

Ukifika Unguja kwa meli kutoka Dar es Salaam, utaona kwanza nyumba nyeupe za Mji Mkongwe zimejipanga kando ya maji. Mbele yake pana bustani iitwayo Forodhani. Jina lenyewe lataja asili yake, kwa kuwa forodha ni mahali pa kulipia ushuru wa mizigo. Katika karne ya 19 pembe nyingi za ndovu kutoka Manyema, katika nchi yetu ya Kongo, zilipita katika bandari ya mji huu, pamoja na watu waliotekwa ambao hawakurudi kwao tena. Njia hiyohiyo ya misafara ndiyo iliyotuletea lugha hii tunayoisoma.

Siku hizi pale hakuna ushuru, ila ule wa tumbo. Bustani ilitengenezwa upya ikafunguliwa mwaka 2009. Jua likitua, wapishi hutandika meza, huwasha makaa, na moshi hupanda mbele ya ngome ya zamani. Vijana hujirusha baharini kutoka ukutani, na watu huwashangilia. Mezani kuna kamba, kaa, ngisi, vipande vya samaki vilivyochomwa vijitini, na mikono ya pweza iliyojikunja. Kando yake wako wakamua miwa, ambao hutia tangawizi na ndimu ndani ya maji yake matamu. Wakati wa Ramadhani usitafute chakula huko mchana; ngoja jua lizame, kisha utakula pamoja na wenyeji waliofunga.

Mgeni na ashike mambo mawili. Aulize bei kabla ya kunyosha mkono, kwa maana bei inayotajwa baada ya kula ni ndefu kuliko ile inayotajwa kabla. Tena aende kwenye meza yenye wenyeji wengi, wala asidanganywe na meza iliyopangwa kwa uzuri. Chakula kilichokaa wazi tangu alasiri hakipati upya kwa kupashwa moto. Mimi nilikula urojo bakuli moja, mchuzi ule mchachu wenye viazi na bajia, nikaacha pweza kwa siku ya pili. Nilitaka kumwona anakotoka.

Kesho yake nilipanda daladala mpaka Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki. Huko mchanga ni mweupe kama unga wa muhogo. Mbali kidogo baharini kuna mwamba mrefu wa matumbawe unaovunja mawimbi, na kati ya mwamba na ufuko maji hayana kina.

Sisi tuliokulia Kalemie, Uvira au Moba tunalifahamu ziwa, lakini bahari ina desturi nyingine. Ziwa Tanganyika halijai wala kupwa kila siku. Bahari ya Unguja hupwa mara mbili kwa siku moja, na wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji yakijaa na yakipwa hufika karibu mita 4. Hapo sakafu ya bahari huachwa wazi, na watu huitembea kwa miguu. Wavuvi wetu wa ndakala hupenda usiku usio na mwezi, ili samaki wazifuate taa zao. Wanawake wa Jambiani nao hutazama mwezi huohuo, ila kwa sababu ya maji. Wengine huenda kuhudumia mwani wao, ambao umelimwa katika pwani hii tangu mwaka 1989. Wengine hushika fimbo na ndoo wakaenda kutafuta pweza mashimoni.

Pweza ni kiumbe wa ajabu. Ana mikono 8, mioyo 3, damu ya buluu, wala hana mfupa hata mmoja. Akiwa juu ya jiwe hugeuza rangi yake ifanane na jiwe, na akiogopa hutoa wino mweusi akatoroka. Maisha yake ni mafupi, hayazidi sana mwaka mmoja. Jike hutaga mara moja tu, hulinda mayai yake pasipo kula, kisha hufa. Lakini hukua upesi mno. Aliye mdogo akiachwa miezi michache huwa mzito mara nyingi kuliko alivyokuwa. Kwa kutambua hayo, watu wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walifunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa mwaka 2004, na walipoifungua walipata pweza wakubwa. Baadaye vijiji vingine, kama Kizimkazi huku Unguja na Kisiwa Panza huko Pemba, vilifanya vivyo hivyo.

Mkahawa nilioingia ulikuwa paa la makuti, meza nne na viti vilivyozama mchangani. Mpishi, mzee mwenye kofia, alikuwa akimpigapiga pweza juu ya jiwe.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu. Huyu lazima apigwe mpaka alainike, la sivyo utatafuna mpaka kesho.”

Wakati huo akaja mama mmoja, kanga yake imelowa mpaka kiunoni. Ndooni mlikuwa na pweza watatu. Wawili walikuwa wanene. Wa tatu hakuzidi kiganja cha mkono. Mzee aliwapima wawili kwa mizani, akalipa. Yule mdogo alimrudisha.

“Huyu, bibi, ungemwacha akue.”

“Nikimwacha mimi, atachukuliwa na mwingine kabla ya bamvua ijayo,” akajibu mama. “Na mwanangu anadaiwa daftari za shule leo.”

Mzee hakuwa na neno la kumjibu, wala mimi sikuwa nalo. Mama akafunika ndoo yake, akaendelea na njia yake ufukoni.

Pweza wangu alichemshwa, kisha akatiwa tui la nazi, bizari na ndimu, akaletwa pamoja na wali. Nyama yake ilikuwa laini, yenye utamu ambao samaki wa ziwani hana. Nami nasema hivyo ingawa mikebuka ya kwetu naipenda sana. Nilipomaliza, maji yalikuwa yamerudi yakafunika njia yote waliyopita wanawake. Nikamwuliza mzee yule mama ataupeleka wapi mzigo wake. Akanionyesha kwa kidole hoteli kubwa mbele yetu, ambayo taa zake zilikuwa zimekwisha kuwashwa.