Hayajashuka

Lipo neno ambalo nilikaa nalo kifuani kwa miaka thelathini bila kumtajia mtu, na sikutaraji kwamba ningekutana nalo tena Nachingwea, mbali na kisiwa chetu, katika darasa lililojaa wanafunzi wa ukunga na wanasesere.

Nilikwenda huko mwaka jana kwa kazi ya tafsiri. Kijitabu cha kufundishia ushauri wa unyonyeshaji kilikuwa kimegeuzwa Kiswahili na mtu mwenye haraka, nami nikaombwa nikipige msasa. Wenye kazi wakaona ni heri nikisikie kwanza kikitumika vinywani mwa watu. Basi nikavuka bahari hadi Dar es Salaam, nikashika basi la kusini, nikapita Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, kisha Lindi, kisha Masasi, hata nikafika nikiwa na vumbi la njia nzima mabegani.

Nachingwea ni mji wenye kumbukumbu. Mwaka 1947 Waingereza waliuteua uwe mojawapo ya vituo vya mradi wao mkuu wa karanga. Wakaleta matrekta, wakajenga bandari Mtwara, wakatandika reli kutoka pwani. Ilipofika mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa pamoja na mamilioni ya pauni, na mapema miaka ya 1960 hata reli yenyewe iling'olewa. Wengi wameandika sababu za anguko lile: mvua, udongo, mashine zisizofaa. Mimi, nisiye mkulima, naona mzizi wa sababu zote ni mmoja: waliokuja kushauri hawakuanza kwa kuuliza.

Nilikumbuka jambo hili siku ya kwanza darasani. Mezani palikuwa na wanasesere wa ukubwa wa mtoto mchanga, na kando yao matiti yaliyoshonwa kwa soksi za rangi ya kahawia, yamejazwa pamba, chuchu zimefungwa kwa uzi. Nilitaka kucheka. Lakini mkufunzi, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alimwambia msichana mmoja alivae titi lile, akampakata mwanasesere, na ghafla msichana yule akawa mzazi. Mwenzake akavuta kiti, akaketi ili macho yao yawe sawa, akaanza kumshauri.

Sanaa hii ya kujifunzia juu ya bandia ina historia yake. Mwaka 1960 Åsmund Laerdal, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto katika mji wa Stavanger, Norwei, alitoa mwanasesere wa kufundishia watu kupulizia pumzi aliyezimia. Uso wake aliuiga kutoka katika kinyago cha msichana asiyejulikana, ambaye yasemekana alizama katika Mto Seine huko Paris. Msichana ambaye hakuna aliyewahi kumwokoa amefundisha mamilioni kuokoa. Kampuni yake ikaja kutengeneza pia vifaa vya kufundishia ukunga. Maana ya yote ni moja: mwanafunzi akosee juu ya pamba, asikosee juu ya mwili wa mtu.

Mwili, hata hivyo, si kitu pekee kinachoweza kukosewa. Katika mafunzo ya ushauri yaliyotolewa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF mwaka 1993, mna somo ambalo mshairi yeyote angelipenda. Mwanafunzi hufundishwa kuyaepuka maneno yenye hukumu ndani yake: vizuri, sawasawa, tatizo, kutosha. Asiulize, "Maziwa yanatosha?" kwa kuwa swali hilo hupanda shaka pale pasipokuwa na shaka. Aulize, "Mtoto ananyonyaje?" kisha anyamaze, asikilize. Na mama akisema jambo, mshauri alirejeshe kwake kwa maneno yaliyo karibu na yake, apate kuendelea.

Kijitabu kililiita jambo hili "kuakisi". Neno si baya, ila halina joto. Mimi nikakumbuka pindu, shairi ambalo maneno yanayofunga ubeti ndiyo yanayofungua ubeti ufuatao. Mama anasema, "Analia usiku kucha." Mkunga anajibu, "Analia usiku kucha?" Na hapo mama anatoa lile lililokuwa nyuma ya lile. Nikawaeleza wanafunzi hivyo, nao wakalielewa upesi kuliko lile la kwenye kijitabu.

Siku ya tatu mkufunzi akasema mazoezi yamekosa mtu. Mama yupo, mkunga yupo, lakini huku kwetu, akasema, mwanamke hazai peke yake. Wamwera, walio wengi katika nchi hii, tangu asili hufuata ukoo wa upande wa mama, na neno la bibi ni zito. Akamteua mwanafunzi mmoja awe bibi. Kisha akanigeukia mimi: "Na wewe, mzee wangu, tusaidie. Simama pale mlangoni, uwe baba."

Nikasimama. Mama wa kuigiza akalalamika kwamba ni siku ya pili na maziwa hayaonekani. Bibi wa kuigiza akasema mtoto apewe maji ya sukari. Mimi sikuwa nimeandikiwa la kusema, nikanyamaza. Ndipo mkunga wa kuigiza, binti ambaye angeweza kuwa mwanangu, akanitazama akaniuliza kwa upole: "Na wewe, baba, una wasiwasi gani?"

Wanafunzi walidhani naigiza. Sikuwa naigiza.

Mwaka 1995 nilisimama hivyohivyo mlangoni, katika hospitali ambayo sitaitaja. Mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, na ilikuwa siku ya pili. Muuguzi akapita, akambinya titi, akasema, "Huna maziwa wewe," akaenda zake. Hakutukana. Alikuwa amechoka, na wodi ilikuwa imejaa. Mimi, mtu wa maneno, niliyekwisha kuandika tungo kadhaa juu ya nguvu ya ulimi, sikuuliza lolote. Nilikwenda dukani nikanunua kopo la maziwa ya unga.

Mtoto alikua, Alhamdulillahi. Lakini mama yake tangu siku ile alijihesabu kuwa mwanamke asiye na maziwa, na alipozaa wa pili hakujaribu kwa moyo. Leo najua lililotokea. Kwa akina mama wengi maziwa mengi hushuka baina ya siku ya pili na ya nne. Kabla ya hapo mtoto hutoshelezwa na dang'a, maziwa ya mwanzo, machache na mazito. Kadiri anyonyavyo ndivyo mwili uamrishwavyo kuyatengeneza, na hofu ya mama yaweza kuizuia homoni inayoyatoa. Yaani neno lile halikuwa taarifa tu. Lilikuwa na uwezo wa kujitimiza lenyewe.

Kabla ya kurudi nilipita Ruangwa, wilaya jirani, ambako baadhi ya wanafunzi walikuwa wakifanya mazoezi ya kazi. Chini ya mwembe, nje ya kituo, nilikaa na bibi mmoja aliyemsindikiza mjukuu wake. Akaniambia kwamba enzi zake walikuwa wakiyakamua maziwa ya dang'a na kuyamwaga, wakidhani ni usaha. "Waliotukemea walikuwa wengi, mwanangu," akasema. "Hawa watoto wa sasa wameniuliza kwanza mimi nayaonaje. Nikaona haya kuwajibu, nikajijibu mwenyewe."

Takwimu za taifa zasema kwamba watoto wa chini ya miezi sita wanaonyonya maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 59 katika uchunguzi wa 2015 na 2016, wakafika asilimia 64 mwaka 2022. Ni hatua, na safari bado.

Niliporudi kisiwani nilimwonyesha mke wangu rasimu yangu. Pale ambapo kijitabu kilisema "mama asiye na maziwa", mimi nilikuwa nimeandika "mama anayehofia maziwa yake". Nilijiona nimefanya kazi. Akavaa miwani, akasoma, akakaa kimya kitambo. Kisha akaomba kalamu. Pembeni, mahali mkunga anapomjibu mama wa siku ya pili, aliandika neno moja: "Hayajashuka."

"Angesema hivi tu," akaniambia.

Nimefasiri kwa miaka mingi, nami sikuwa nimeipima silabi ile. *Huna* ni mlango uliofungwa. *Hayaja* ni mlango wenye mtu anayekuja. Kijitabu kimekwisha kupigwa chapa, na neno lile limo, ukurasa uleule, kama alivyoliandika.