Ufizi Utokao Damu

Huko Hulugho, katika Kaunti ya Garissa, karibu na mpaka wa Somalia, mtu aweza kusafisha meno pasipo kwenda dukani. Mti wa mswaki humea porini, na Wasomali hukiita kijiti chake caday.

Alikuwako huko mzee mmoja mfugaji aliyepiga mswaki kila alfajiri. Siku moja aliona damu katika kijiti, akaingiwa na hofu, na tangu hapo akauepuka upande ule wa kinywa. Miaka ikapita. Meno ya upande huo yakalegea, yakang'oka moja baada ya jingine, yote mazima, hayana tundu wala hayakumwuma. Nyama akawa haiwezi tena.

Kosa lake ni kosa la wengi. Kila siku utando hufanyika juu ya meno, na ndani yake vijidudu huzaliana. Usipoondolewa hugeuka ukoga mgumu, ambao mswaki hauwezi kuubandua. Ndipo ufizi huvimba na kutoka damu. Wakati huo ugonjwa waweza kupona kabisa kwa kusafisha vyema. Ukiachwa, hula mfupa ushikao meno, na mfupa ulioliwa haurudi kama ulivyokuwa. Basi damu ile haisemi, "Acha"; yasema, "Safisha."

Yafaa kijiti kiwe kibichi, kitafunwe mpaka nyuzi zilainike, kisha kipitishwe polepole pale jino likutanapo na ufizi, nje na ndani, hata magego ya nyuma. Ncha iliyochakaa ikatwe. Mswaki huu si jambo la kudharauliwa: hata Shirika la Afya Duniani liliusifu katika miaka ya 1980.

Tena yako mambo mengine. Tumbaku hudhuru ufizi na kuificha damu, na kisukari huzidisha ugonjwa. Wakati wa ukame, mtu akikosa kwa muda mrefu maziwa mabichi, mboga na matunda, hupungukiwa na vitamini C, na ufizi wake hutoka damu hata akisafisha. Huyo ahitaji chakula. Damu isipokoma baada ya majuma mawili, hapana budi kumwendea mganga wa meno aukwangue ukoga.

Siku hizi mzee yule huwatazama wajukuu wake wakipiga mswaki. Mmoja akitema damu, humwambia, "Rudia papo hapo, taratibu." Usipoziba ufa, utajenga ukuta.