Mkebe wa Kununulia

Cucu alirudisha kijiko. Ushuhuda wake ulianzia hapo kila mara, nasi wajukuu tuliujua kwa moyo kabla hajafungua kinywa. Akiwa yaya nyumbani kwa mwalimu mmoja Embu aliiba kijiko cha chai, akaja nacho Siakago, akakorogea uji wa watoto wake miaka mingi. Alipookoka akakifunga kwenye leso, akatembea kwa miguu hadi Embu. Mwalimu alishahama. Akauliza huku na kule mpaka akampata. "Kile kijiko kilinilemea kuliko mtungi," alikuwa akisema, na wandugu wa uamsho wakaitikia kwa wimbo wa Tukutendereza.

Uamsho huo haukuzaliwa kwetu. Ulianza Gahini, Rwanda, miaka ya mwanzo ya 1930, ukafika Kabete mwaka 1937 pamoja na wahubiri waliotoka Rwanda na Uganda. Embu kulikuwa na misheni ya CMS pale Kigari tangu 1910, na kutoka huko juu kwenye chai na kahawa neno liliteremka hadi kwetu Mbeere kwenye mtama na jua. Wakati wa Mau Mau wandugu wengi walikataa kiapo, wakakataa na bunduki za serikali, na wapo waliouawa kwa hilo. Watu wa namna hiyo hawakuwa na mzaha na neno kutubu. Dhambi ilitajwa kwa jina lake, mbele za watu. Kilichoibwa kilirudi.

Mimi niliokoka kwa jenereta. Ilikuwa miaka ya tisini, krusedi karibu na soko, spika kubwa kama makabati, mhubiri wa Nairobi na mkalimani aliyeruka naye kila aliporuka. Tukaambiwa tufumbe macho, anayemtaka Yesu ainue mkono. Nikainua. Tukafuatisha sala, nikaandika jina na sanduku la posta kwenye kadi, nikarudi nyumbani nikiimba. Siidharau furaha ile, ilikuwa ya kweli. Ila katika miaka minne niliinua mkono mara tatu, na hakuna aliyewahi kuniuliza nafanya kazi gani.

Nilikuwa nanunua ndengu. Kwetu ndengu hupimwa kwa gorogoro, ule mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili, na mimi nilikuwa na mikebe miwili. Wa kununulia niliugonga kitako kwa ndani, kikabinuka nje kama tumbo. Ukiuweka mezani unayumba, kwa hiyo niliusimamisha juu ya rundo la ndengu zenyewe, tumbo likazama lisionekane. Wa kuuzia niliugonga kwa nje, kitako kikaingia ndani. Tofauti ni konzi moja tu, lakini konzi moja kwa kila gorogoro, msimu mzima, iliniezekea mabati. Wenzangu wote walifanya hivyo, na tuliliita jambo hilo biashara.

Kilichonigeuza hakikuwa mahubiri. Fundi mmoja wa mawe alinialika kwake siku za Alhamisi, watu sita chini ya mwembe, tunasoma Luka sura kwa sura. Alikuwa msomaji wa taratibu, kidole juu ya mstari. Tulipofika sura ya 19, Zakayo akiahidi kurudisha mara nne, fundi alinyamaza kidogo akauliza, "Huyu alijuaje ni nani wa kumrudishia?" Hakunitazama. Sidhani kama alijua lolote. Mke wangu aliponiuliza usiku mbona nanunua daftari na watoto wamefunga shule, sikuwa na jibu.

Majina kumi na tisa ya niliowapunja niliyakumbuka, nikayaandika humo. Wengine walishakufa, mmoja alinifukuza akidhani nataka kura. Na wengi sitawakumbuka kamwe. Siku hizi mengi ya mashamba yale yamekuwa ya muguka, na madalali wana mizani ya dijitali, ambayo nasikia nayo ina ufundi wake.

Wa kwanza niliyemwendea alikuwa mama mmoja mjane njia ya Ishiara. Nilimpelekea gorogoro kumi, nilizopima mwenyewe dukani alfajiri. Nikaeleza yote, mkebe, kitako, miaka. Alisikiliza akichambua kunde, asiseme neno. Nilipomaliza aliingia ndani, akatoka na gorogoro yake na ungo, akaanza kupima upya, akisawazisha kila mkebe kwa kiganja. Ya kumi haikujaa. Akaitikisa, akaiinamisha nione.

"Mwanangu," akasema, "ulipima kwa upi?"

Nilikuwa nimepimia ule wa kuuzia.